Dubu wa Alaska, pomboo wa Kisite, na kazi niliyoiacha

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama Utange au umeme umekatika moja kwa moja. Sijahama. Nilipata kazi, kisha kazi ikaondoka, na katikati ya hayo mawili nilipanda boti kwenda kutazama pomboo Kisite. Habari yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hiyo jitengenezee chai kwanza.

Tuanze na dubu. Najua, kwetu hakuna dubu. Afrika nzima hakuna dubu wa mwituni. Waliokuwepo milima ya Atlas huko kaskazini walitoweka karne ya 19. Mtoto wa Kisauni anamjua dubu kwa katuni tu. Lakini mimi nina tabia moja ambayo rafiki zangu wamechoka nayo: kuanzia Julai, nikikesha na kazi, dirisha moja la kompyuta linakaa wazi likionyesha Mto Brooks, ndani ya hifadhi ya Katmai kule Alaska. Tangu 2012 kuna kamera pale zinazorusha picha moja kwa moja, unawaona dubu wamesimama kwenye maporomoko wakingoja samoni arukie mdomoni. Kwetu ikiwa saa sita usiku, kwao ni saa saba mchana, basi inanifaa kabisa. Bando linaumia, lakini kila mtu ana starehe yake.

Katmai hakuna barabara inayokufikisha. Unakwenda kwa ndege ndogo inayotua majini, ama kwa boti. Ukifika, sheria ni kukaa mbali na dubu yadi 50, yaani kama mita 46. Jirani yake, kwenye Mto McNeil, wamebana zaidi: tangu 1973 watu wanaingia kwa bahati nasibu, na wenye kibali hawazidi kumi kwa siku. Kumi! Kwenye matatu ya Bamburi kumi hata hatujaanza kuhesabu.

Kamera hizo zilizaa jambo lililonigusa kama mtu wa kompyuta. Wahandisi wawili wa programu kule California walikuwa wakiwatazama dubu hao kwenye skrini kama mimi, wakajiuliza kama kompyuta inaweza kuwatambua kwa sura. Waliungana na mtafiti wa dubu Melanie Clapham wa Kanada, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo: picha 4,674 za dubu 132, na programu ikapata jina sahihi kwa asilimia 83.9. Kumbuka dubu hana mistari kama punda milia, na tena mwezi wa saba amekonda, mwezi wa kumi amenona kama gunia. Niliposoma ile karatasi sikulala.

Sasa tuje nyumbani.

Mwezi Februari mtu niliyesoma naye chuo alinipigia. Kuna manahodha wa boti za utalii huko kusini, karibu vijana watupu, wanataka programu ya simu. Wazo lao lilikuwa rahisi: nahodha akiona pomboo anabonyeza kitufe, na simu za wenzake wote zinalia na kuonyesha alama kwenye ramani. Basi. Hakuna anayezunguka saa mbili akichoma mafuta bure. Malipo shilingi 120,000, na 30,000 zikaja siku ileile kwa M-Pesa ili nianze. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua vya wavuti za maduka ya vipuri, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Niliwaambia nitakuja kwanza kuona kazi inavyofanyika. Ni desturi yangu. Siwezi kuandikia duka programu bila kushinda siku moja nyuma ya kaunta.

Mama alipouliza naenda wapi nikamwambia kutazama pomboo. Akasema, "Si ndiyo wale wanaobeba mtu aliyezama?" Amezaliwa Pwani, ameishi Pwani miaka yote, na hajawahi kumwona pomboo ila kwenye televisheni. Hayuko peke yake. Fanya uchunguzi hapa mtaani kwenu, uliza ni wangapi wamefika Kisite. Wageni wa Ujerumani wanaijua kutushinda.

Kwa wale wasioijua: Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini kabisa mwa Pwani ya Kenya, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania. Bandari yake ni Shimoni, iliyopata jina lake kutokana na mapango. Kutoka Utange ni tuktuk hadi barabara ya Malindi, matatu hadi mjini, feri ya Likoni, matatu tena kupitia Ukunda na Msambweni, halafu unakata kushoto kuelekea baharini. Nililala Shimoni ili niwahi asubuhi. Usiku simu yangu ikapokea ujumbe wa kunikaribisha Tanzania, mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu kuliko wa kwetu. Nikaandika kwenye daftari: *programu isitegemee mtandao*. (GPS haihitaji bando, wadau. Simu inasikiliza tu setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, haiwatumii chochote. Kinachohitaji mtandao ni kumwambia mwenzako uko wapi.)

Nilipangiwa boti ya mzee mmoja, mkubwa kwa umri kati ya wote. Shikamoo ilipokwisha akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye kutuletea ile mashine?" Nikamwambia ndiye. Akaguna. Sikujua kuguna kule kulikuwa na maana gani hadi jioni.

Tulitoka saa mbili asubuhi, kaskazi imetulia, bahari kama sinia. Abiria walikuwa familia moja ya Nairobi na wageni wawili wa Ulaya. Njiani mzee akanieleza mambo ambayo sikuyapata kwenye tovuti yoyote ya utalii. Miaka ya 1970 hifadhi ilipotangazwa, kuvua kukakatazwa Kisite. Mpunguti watu waliachiwa wavue kwa njia za asili. "Baba yangu alivua pale," akasema akionyesha kidole. "Mimi napeleka watu wakaangalie." Hakusema kwa uchungu wala kwa furaha. Lakini ukiliweka hilo akilini utaelewa kwa nini sina ubavu wa kumhukumu nahodha wa Wasini au Mkwiro anayetafuta mteja. Walitolewa kwenye samaki wakaambiwa kula yao sasa ni wageni.

Pomboo tuliwakuta upande wa Mpunguti ya Juu. Sita au saba, wa ile aina ya pua ndefu kama chupa inayoishi karibu na pwani. Mzee akapunguza mashine hadi ikawa inakohoa tu, akaachia boti ielee. Naomba niseme ukweli: kamera za Katmai hazikunitayarisha. Kwenye skrini mnyama hana pumzi. Hapa unausikia ule mhemo, *pfuu*, kabla hujamwona, halafu mgongo unapita mita kumi kutoka kwako, unang'aa, na pezi lina mikwaruzo kama mlango wa matatu. Mmoja alikuwa na mtoto, mdogo, amebana ubavuni mwa mama yake hivi kwamba walipanda na kushuka kama mtu na kivuli chake. Mtoto wa ile familia ya Nairobi alisahau kabisa kwamba ana simu mkononi.

Tulikuwa peke yetu kwa dakika kama ishirini. Simu ya mzee ililia mara tatu, hakuipokea. Ya nne akaipokea, kwa sababu ni ya mtoto wa nduguye. Baada ya hapo zikaanza kuja.

Nilizihesabu boti tisa. Nyingine zilikuja taratibu, lakini mbili zilipita mbele ya pomboo kabisa na kuwakatia njia ili wageni wapate picha ya uso. Nina saa, nikaanza kupima. Kabla ya boti kuja walikuwa wanaibuka kila baada ya dakika moja hivi, wakizurura sehemu moja. Boti zilipojaa, walianza kukaa chini muda mrefu, wakabadilisha uelekeo mara tatu, wakaibuka mbali. Mama na mtoto walikuwa wa kwanza kuondoka. Huu si utafiti, ni mtu mmoja na saa ya mkononi, naomba msininukuu popote. Mama mmoja ndani ya boti yetu akasema, "Mzee, tusogee, wanaondoka." Mzee akamjibu kwa upole, "Mama, wakitaka watakuja wao." Hawakuja. Tukaelekea Kisite kuogelea kwenye matumbawe.

Utafiti wa kweli upo, na nilipolala Shimoni usiku wa pili niliusoma mpaka betri ikaisha. Jirani zetu wa Kizimkazi, Unguja, wana historia ya ajabu: pomboo walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya chambo cha papa, kisha kuanzia 1992 utalii ukaonyesha kwamba pomboo hai ana faida kuliko aliyekufa. Habari njema. Lakini utafiti uliochapishwa 2010 ukaonyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo wa Kizimkazi wanapunguza kupumzika, kutafuta chakula na kuchangamana, na wanazidisha kusafiri tu. Yaani siku nzima uko safarini kama dereva wa masafa marefu.

Kisha kuna Shark Bay, Australia magharibi. Hapo palinishtua zaidi kwa sababu ya udogo wa namba. Boti za kampuni za kuonyesha pomboo katika eneo lililochunguzwa ziliongezeka kutoka moja hadi mbili. Mbili tu! Pomboo waliolitumia eneo lile wakapungua kwa karibu mmoja kati ya kila saba. Utafiti ukatoka 2006, na serikali ikarudisha leseni kutoka mbili hadi moja. Mimi nilikuwa nimehesabu tisa kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa ingieni kichwani mwangu kama mtu wa programu. Mnajua seva inavyokufa? Si kwa wingi wa watu kwa siku. Watu elfu kumi wakija mmoja mmoja, seva inapiga mluzi tu. Inakufa pale wote elfu kumi wanapobonyeza dakika moja, kama siku ya matokeo ya mtihani. Bahari ya Kisite ilikuwa na kinga yake ambayo hakuna aliyeiandika: kutokujua. Boti hii inazunguka huku, ile kule, moja inabahatika, nyingine inachelewa nusu saa. Kutokujua ndiko kulikuwa kunawapanga foleni. Na nilichokuwa nimelipwa kukiandika ni kuiondoa kinga hiyo.

Si mimi wa kwanza kugongana na jambo hili. Mwaka 2016 mamlaka ya hifadhi za Afrika Kusini ililalamika hadharani kuhusu programu za simu ambazo wageni wa Kruger walikuwa wakizitumia kutangaziana simba yuko wapi. Magari yalikuwa yakikimbia kupita kiasi, wanyama wanagongwa barabarani, na pale kwenye alama ya ramani panakuwa msongamano kama wa Changamwe saa kumi na moja jioni. Programu zenyewe hazikuwa na hitilafu yoyote. Zilifanya kazi vizuri mno.

Jioni tulikaa na manahodha karibu na gati, kuna kaa na mwani mezani, na nikawaeleza niliyoyaona. Sikutaka kuhubiri, nikawachorea. Niliwapa pendekezo lingine: ramani isionyeshe pomboo walipo sasa hivi. Mahali pabaki ndani ya simu ya aliyewaona na patoke saa sita baadaye. Kinachotoka papo hapo ni zamu tu. Boti mbili kwa wakati mmoja, dakika kumi na tano kila zamu, wengine wanajua ni nani anafuata na wanaelekezwa wakati wao ukifika. Boti tisa zinamalizika kwa zamu tano, saa moja na robo. (Hata hiyo saa na robo ni muda mrefu kwa pomboo mwenye mtoto, na sikuwaficha hilo.)

Kijana mmoja, mchangamfu kuliko wote, akaniuliza maswali mawili ambayo bado ninayo kichwani. La kwanza: "Kaka, mteja amelipa kuona pomboo. Asipowaona anakwenda kuandika nyota moja kwenye intaneti, na mwaka mzima naulizwa habari ya hiyo nyota. Wewe utanilipa?" Sina jibu la hilo. Nyota zile zimeandikwa na programu pia, na aliyeziandika hajawahi kufika Shimoni.

La pili: "Na sisi si tunapigiana simu tayari? Wewe unatuuzia ramani tu, tabia ni ileile." Hili nilijaribu kulijibu. Kupiga simu kunahitaji urafiki. Unampigia ndugu yako, labda na mtu mmoja unayedaiwa naye fadhila, habari inafika kwa boti tatu, nne. Tuliwaona mzee alivyoziacha simu tatu zikalia. Kitufe hakijui ndugu, kinamwambia kila mtu kwa sekunde moja, na kesho kila mwenye boti ya kasi kutoka Diani atakuwa na hiyo programu, maana hakuna kitu rahisi kuiba kama programu ya Android. Habari ikishapanda seva hamuwezi kuacha simu ikalia tena.

Walinisikiliza kwa adabu. Wapwani tuna adabu mbaya sana ya kukusikiliza mpaka mwisho ili wasikuudhi. Wakasema watafikiri. Mzee hakusema neno mkutano mzima, ila tulipoinuka akanishika bega akasema, "Mwanangu, pomboo akichoka haji kukuaga."

Wiki moja baadaye yule mwenzangu wa chuo akanipigia, na sauti yake nikaijua kabla hajasema. Wamepata mtu mwingine. Kitufe kinaandikwa kama walivyotaka. Zile 30,000 nilizirudisha kwa mafungu mawili, la pili jana, na ndiyo sababu makala hii inatoka leo na si juzi. Baadhi yenu mtasema nimejifanya mtakatifu, pomboo wamesumbuliwa vilevile na pesa nimekosa. Inawezekana. Mwenzangu aliniambia maneno hayohayo na bado tunaongea.

Mimi nimeandika kitu kingine, kidogo, cha bure, na kina mtumiaji mmoja: yule mzee. Akipiga picha ya pezi, simu inaweka muda na mahali, inanyamaza, na usiku akifika kwenye mtandao picha inanifikia. Wataalamu wamekuwa wakiwatambua pomboo kwa mapezi ya mgongoni tangu miaka ya 1970, maana zile pengo na mikato ya ukingo wa nyuma hukaa miaka mingi, ni kama alama ya kidole. Hapa pomboo anamshinda dubu kwa urahisi. Mahali napo napakata kabla ya kuhifadhi: desimali tano za GPS zinakufikisha karibu mita moja, nabakisha mbili, ambazo hapa karibu na ikweta ni zaidi kidogo ya kilomita. Inatosha kujua ni upande gani wa Mpunguti, haitoshi kumfuata mtu na boti.

Mpaka leo nina mapezi 23 ambayo nina hakika ni ya pomboo tofauti. Ninayalinganisha kwa macho, usiku, pale ambapo zamani dirisha la Mto Brooks lilikuwa wazi. Namba 7 ana mikato mitatu kama meno ya msumeno na ameonekana siku nne. Yule mwenye mtoto bado sijampata tena, na pezi lake siku ile lilikuwa safi mno, halina alama, kwa hiyo huenda amepita kwenye picha na sikumjua.

Shida niliyonayo sasa ni uzito wa picha. Mzee anatuma za megabaiti tano tano na bando lake ni la kila siku. Nikizibana sana, ukingo wa pezi unakuwa na ukungu na pengo ndogo zinapotea. Nisipozibana, anakata bando lote kwa picha nane. Nimejaribu kukata pezi peke yake ndani ya simu kabla ya kutuma, lakini mawimbi yakimetameta programu inakata povu. Kama kuna mdau aliyewahi kufanya kazi hii kwenye simu ya bei nafuu, ya kumbukumbu ya gigabaiti mbili, tafadhali niandikie barua pepe.